Maman Colette Alikatazwa Kufagia

Kanuni ilikuwa moja tu, na Maman Colette Nsimire aliikubali mbele ya watu: asifagie chini ya mnara.

Asiyemjua atacheka. Sisi tunaomjua hatukucheka, kwa sababu Colette ni mwanamke wa ufagio. Pale Bagira, mtaa wa Bukavu, mbele ya nyumba yake, udongo umefagiwa miaka mingi hadi umekuwa mgumu na laini kama sahani, na jirani akiangusha ganda la ndizi hapo huliokota mwenyewe kabla hajatazamwa. Mama yake huko Walungu alimlea hivyo. Mgeni akikuta majani makavu uani, umekwisha kumtukana kabla ya kumsalimu. Kumkataza mwanamke huyo kufagia ni sawa na kumkataza mwalimu kusahihisha.

Naandika habari zake kwa sababu tuna deni la shukrani kwake, na huku kwetu watu huwashukuru wakubwa kwa ngoma na hotuba, kisha huwasahau waliowapa maji.

Colette si mtu mkubwa. Katika parokia hana cheo. Hupanga maua ya altare zamu yake ikifika, basi. Ni mjane. Mumewe, marehemu Gaston, alikuwa seremala aliyependa udongo kuliko mbao. Alipata shamba bondeni, chini ya Mudaka, kwa kalinzi: alimpelekea chifu ng'ombe, akapewa ardhi mbele ya mashahidi, kama desturi ya nchi yetu ya Bushi inavyotaka. Sehemu ya juu ilikuwa mteremko wa udongo mwekundu uliochoka. Sehemu ya chini ilikuwa kinamasi ambacho hakuna mtu aliyekitaka. Gaston alikitaka. Alishika koleo, akaukata mdomo wa bonde, akachimba mfereji mpaka maji yakapata njia ya kwenda mtoni. Chini ya maji alikuta udongo mweusi, mwepesi, wenye nyuzi za majani ya zamani, udongo ambao ukiubonyeza mkononi unatoa maji kama sponji. Maharagwe ya kiangazi yaliyopandwa humo yalistawi wakati milima yote imekuwa kahawia.

Watu walipoona hivyo walimfuata. Waliunganisha mifereji yao na wake, bonde zima likawa mashamba, na kila mwaka kabla ya kiangazi walifanya salongo, kazi ya pamoja, kuzibua mfereji mkuu na kuuchimba zaidi kidogo. Maji yote ya bonde yalipita kwa Gaston kabla ya kutoka. Alipofariki, shamba hilo la chini, pale kwenye mdomo wa mfereji, ndilo lililomlisha Colette na watoto. Alikuwa anapanda gari la asubuhi kutoka mjini, anashuka Mudaka, anatelemka kwa miguu, na jioni anarudi Bagira na mzigo wa kabichi na maharagwe mabichi. Watoto wamesoma kwa shamba hilo. Wa mwisho, Joviale, alikuwa bado kwenye humanités, yaani sekondari, wakati mnara ulipokuja.

Aliyeuleta ni kijana wa Bukavu aitwaye Guy, asistanti katika chuo kimoja cha mjini. Alikuwa anatafuta bonde linalolimwa na watu wa kawaida, apate kupima ardhi yetu inatoa nini kwenda hewani na inapokea nini kutoka hewani. Wenye mashamba wengine walikataa, wakisema mashine ya chuma shambani ni mwanzo wa kunyang'anywa. Colette alimwuliza swali moja tu, kama mnara una mizizi. Guy akasema hapana, una miguu ya saruji. Colette akakubali.

Ukasimamishwa katikati ya shamba la chini. Si mnara wa simu wa kutisha. Unazidi kidogo urefu wa nyumba. Juu yake kuna mikono mitatu midogo ya chuma inayoelekeana, na vioo viwili vinavyotazamana. Chini kuna sanduku la betri na kioo cha kuvuta jua. Guy alipanga vitu vyake, akaenda zake mjini. Aliporudi alisimama kwenye njia, akashika kiuno.

Chini ya mnara, na pande zote kuuzunguka, hapakuwa na jani. Magugu yameng'olewa, maharagwe ya karibu yamehamishwa, udongo umefagiwa ukaonyesha mistari ya ufagio.

"Maman, hapa kulipita nini?"

"Nimefagia," alisema Colette.

"Naona. Sasa majani iko wapi?"

"Nimetupa. Papa Guy, mulileta mugeni mwenye mikono ya feza na miwani, mukamusimamisha mu magugu na mukaenda. Mimi nikasikia haya."

Guy alikaa juu ya sanduku la betri, akacheka mpaka akafuta macho. Colette alimngoja amalize. Hakuona cha kuchekesha.

"Maman yangu," alisema Guy, "mugeni alikuja kuangalia shamba. Sasa iko anaangalia parcelle yako, ile kiwanja ya Bagira."

"Kwani parcelle yangu iko na ubaya gani?"

"Haina ubaya. Lakini haina uzima pia. Hii mashini inapima kila kitu kinapumua hapa: maharagi, magugu, udongo, hata ile mavi ya mbuzi. Ukifagia, inatuambia uongo, na haijue kama iko inaongopa."

Hapo ndipo kanuni ilipowekwa. Papa Stanislas, kiongozi wa kamati ya bonde, alikuwa anapita na jembe begani, akaitwa awe shahidi. Guy alisema: asifagie, asipambe, asiongeze, asipunguze. Alime sawa na vile angelima kama mnara haupo. Colette alifikiri, akasema neno ambalo Stanislas alilirudia baadaye kwa watu wengi.

"Kama ni vile, mutazoea kuniona muchafu."

Katika mji wetu tuna ugonjwa, na sitaupamba. Tunafagia kwa ajili ya macho. Mkaguzi akitangazwa, shule hupakwa chokaa upande wa barabara. Mkubwa akipita, mashimo hujazwa udongo ambao mvua ya kwanza huuondoa. Hata katika familia, posa ikija tunaazima viti na sahani za jirani, ili wageni wahesabu mali ambayo si yetu. Kisha tunashangaa kwa nini hakuna anayejua hali yetu. Tumeificha wenyewe. Kwa hiyo nilipoisikia kanuni ya mnara niliona imekuja mahali pake.

Nitaeleza kazi yake kama nilivyoielewa. Hewa juu ya shamba haitulii. Inapanda na kushuka kwa mizunguko midogo isiyoonekana, kama maji yanayojizungusha nyuma ya jiwe mtoni. Hewa inayopanda imebeba kitu kutoka ardhini: mvuke, joto, na ile hewa ya kaboni ambayo udongo huitoa unapooza na ambayo majani huivuta jua likiwaka. Inayoshuka imebeba kitu kutoka juu. Ile mikono mitatu inaupima upepo, kila upande, mara nyingi katika sekunde moja, na vile vioo viwili vinajua hewa inayopita katikati yao ina mvuke kiasi gani na kaboni kiasi gani. Ukilinganisha kinachopanda na kinachoshuka, unajua shamba limetoa nini na limepokea nini.

Kuna pia hesabu ya jua. Jua linaloingia shambani lazima ijulikane limekwenda wapi: sehemu imerudi angani, sehemu imezama udongoni, sehemu imepasha hewa moto, sehemu imetumika kugeuza maji kuwa mvuke. Guy alisema jua lililoingia na jumla ya sehemu hizo visipokaribiana haamini kitu kingine chochote kilichopimwa siku hiyo. Hilo lilinipendeza sana. Ziko kamati za watu ambazo ningependa zisimikiwe mnara.

Basi Colette akalima. Majani yakarudi chini ya mnara, yakamfika magotini, naye akapita kando yake bila kuyatazama. Joviale anasema mama yake alipokuwa anarudi nyumbani kutoka shambani, alikuwa anafagia uani kwa nguvu kuliko zamani.

Kiangazi cha mwaka uliofuata kilikuwa kikali, na chemchemi iliyo chini ya kapela, kanisa dogo la pale, ambapo kijiji chote cha upande ule huteka maji, ilipungua ikawa uzi. Wanawake walipanga bidoni, madumu yao ya maji, tangu alfajiri. Mashamba ya juu ya bonde yalipasuka. Hapo maneno yakaanza. Wengine walisema mikaratusi ya mlimani ndiyo inayokunywa. Wengine walisema mnara unafukuza mvua, ile mikono mitatu inapeleka mawingu Kalehe. Mtu mmoja aliupiga jiwe. Colette aliliokota jiwe, akaliweka pembeni, akaendelea kupalilia.

Stanislas aliita mkutano kapelani, akamwomba Guy aje kujieleza. Kijana alikuja, akasimama mbele ya watu wenye hasira, akasema wazi.

"Mnara haikunywe maji. Haifukuze mvua. Inaangalia tu. Lakini itatuambia kitu kimoja. Mvua ikianguka mu bonde, inatoka kwa milango mbili. Moja iko juu: jua inakausha, mimea inakunywa, mvuke inapanda. Moja iko chini: mufereji. Tunajua mvua imeanguka ngapi. Mnara inatuambia ngapi imepanda. Kiangazi hiki kikiisha tutajua ni mulango gani unatumaliza."

"Na kama ni jua?" aliuliza Stanislas.

"Kama ni jua, hakuna wa kulaumu. Tutapanda miti ya kivuli, tutaomba Mungu."

"Na kama ni mufereji?"

Watu wote walikuwa wanajua mdomo wa mfereji uko wapi. Walijigeuza wakamtazama Colette, naye akawa anatazama mikono yake.

Alielewa vizuri kuliko wote. Kama mfereji ndio uliokausha bonde, dawa ni kuuziba pale mdomoni, na ukizibwa pale, maji yatarudi juu ya shamba lake la chini, siyo la mtu mwingine. Mashine aliyoikaribisha mwenyewe ilikuwa inapima kama ataendelea kuwa na shamba.

Mtu mwingine aliyeelewa ni shemeji yake Donatien, mdogo wa Gaston. Donatien anakaa Mudaka. Ana motopompe, pampu ya maji, ambayo huikodisha kwa wenye bustani, na ana sauti inayosikika kabla yeye mwenyewe hajaonekana. Si mtu mbaya. Alimpenda kaka yake, na katika ujana wake alishika koleo pamoja naye katika mfereji ule, wamezama kiunoni.

Alimkuta Colette shambani.

"Shemeji, unajua nilikuwa ninafikiri nini mu kapela?"

"Wewe ukifikiri, hata kule Kavumu banasikia."

"Acha kucheka, ni mambo ya nguvu. Mashini inataka kuona mvuke. Tuipe mvuke. Nitaleta pompe, nivute maji ya mufereji, nimwagilie shamba yote asubuhi, jua ikipanda, mvuke inaenda juu. Kijana atasoma: jua njo inakunywa. Imekwisha. Hakuna mutu atagusa mufereji ya Gaston."

Colette aliendelea kung'oa magugu. Donatien akachuchumaa mbele yake.

"Na si hata uongo. Alisema ulime kama kawaida. Nani mu Bushi hii hamwagilie kabichi kiangazi?"

Sitamfanya Colette malaika. Yeye mwenyewe aliniambia kwamba neno hilo lilimwingia, akalibeba mpaka Bagira, akalipika pamoja na ugali. Kumwagilia si dhambi. Watu wote humwagilia. Na upande wa pili kulikuwa na Joviale ambaye hajamaliza shule, na mteremko mwekundu usiolisha hata sungura. Alilibeba kwa siku kadhaa. Kilichomzuia, anasema, ni kitu kidogo. Alikumbuka kwamba tangu aolewe hajawahi kumwagilia shamba la chini hata mara moja. Udongo ule ni mbichi siku zote. Ndiyo sababu Gaston aliupenda. Basi kwake kumwagilia pale hakukuwa kawaida. Kulikuwa kufagia.

Alimtumia Donatien habari kwamba hapana, asante. Donatien aliona kwamba mwanamke anaogopa, na kwamba mtu anayeogopa husaidiwa.

Asubuhi moja Colette alipokuwa anatelemka kutoka barabarani alisikia motopompe inaunguruma bondeni. Alikuta shamba linang'aa maji. Bomba limelazwa katikati ya mistari ya maharagwe, na Donatien, suruali imekunjwa, analielekeza upande wa mnara kama mtu anayezima moto. Jua lilikuwa limekwisha kupanda, na mvuke ulionekana kwa macho.

Colette hakumwita. Alikwenda moja kwa moja kwenye pompe akaizima.

"Washa," alisema Donatien.

"Hapana."

"Colette, washa pompe. Ninakusaidia."

"Uliniuliza, nikakujibu."

"Hii shamba ni ya ndugu yangu. Weye ulikuja hapa na bikwembe bibili bya kujifunga na sufuria."

"Bitatu," alisema Colette. "Cha tatu njo tulimuzikia nacho."

Donatien akasema kwa sauti ya chini, na kwake hiyo ni ajabu: "Bakifunga mufereji, kazi yake itabaki wapi? Alitumia maisha yake mu matope haya."

"Najua. Nilikuwa ninafua hizo nguo."

Donatien alikunja bomba, akalipakia begani, akaenda. Colette alibaki na shamba lililolowa na mnara unaoendelea kupima, maana mnara haujui kunyamaza. Hakuna mtu mwingine aliyekuwa pale. Guy alikuwa mjini. Colette angenyamaza tu, asubuhi ile ingeingia katika hesabu kama asubuhi nyingine, na yeye hakumwaga hata tone.

Alitoa simu.

"Papa Guy, leo asubuhi mashini imeona kitu kisicho cha hapa. Maji imemwagwa mu shamba yote. Mutoe hiyo asubuhi, na kesho pia, mpaka ikauke."

"Nani amemwaga?"

"Pompe."

"Pompe ya nani, maman?"

"Pompe haina jina. Mutoe hiyo asubuhi."

Guy aliniambia kwamba angeona mvuke mwingi siku ile, angeshangaa kidogo, kisha angeandika kwamba mkulima amemwagilia, jambo la kawaida kiangazi, na angeliacha. Ingekuwa tone moja katika ndoo. Lakini Donatien alikuwa na mafuta ya kutosha, na mkulima ambaye hakusema siku ya kwanza asingesema siku ya kumi. Nami nataka wasomaji waone jinsi alivyolitenga jambo lake. Alisema habari za maji, kwa sababu maji yalihusu ukweli wa wote. Hakusema habari za mtu, kwa sababu mtu alikuwa shemeji yake na alikwisha kwenda na bomba lake. Wengi wetu hufanya kinyume: tunamtaja mtu kwa haraka, na ukweli tunauacha shambani.

Mvua za Septemba ziliporudi, Guy alikuja tena kapelani na karatasi kubwa, akaibandika ukutani chini ya picha za njia ya msalaba. Alichora ndoo mbili. Ndoo ya juu, ile ya jua na mimea, ilikuwa ya kawaida, kama inavyokuwa popote penye mashamba. Ndoo ya chini ilimwagika. Maji ya bonde yalikuwa yanakwenda mtoni kwa mfereji, usiku na mchana, mvua na kiangazi, na kila salongo ilikuwa inayasaidia kwenda upesi zaidi. Chemchemi ilikuwa inakauka kwa sababu hiyo.

Kulikuwa na jambo la pili. Shamba la chini lilikuwa linatoa kaboni kuliko lilivyoipokea. Maharagwe yalivuta mchana. Udongo ulitoa mchana na usiku. Ule udongo mweusi ni majani ya zamani sana yaliyokuwa yametunzwa chini ya maji, alisema Guy, na tangu maji yaondoke unaungua polepole, bila moto na bila moshi.

"Ndiyo maana unashuka," alisema. "Muangalie muti wa mpaka wa Maman Colette. Mizizi iko inje. Muti haukupanda. Shamba limeshuka."

Watu waliguna, kwa sababu kila mmoja alikuwa ameiona mizizi ile na kukaa juu yake kula. Mzee mmoja aliuliza kama maji yakirudi hewa mbaya itakwisha. Guy alisema haitakwisha; kinamasi nacho kina hewa yake, mnara utaendelea kuipima, na hawezi kuahidi asichokipima. Niliona baadhi ya watu walimwamini tangu hapo, kwa sababu ya jibu hilo.

Stanislas alisimama. Ni mtu wa haki, na siku hiyo haki ilikuwa nzito kwake.

"Maman Colette, hiyo ardhi iko yako. Kalinzi yako inajulikana. Sisi hatuna nguvu ya kukuambia funga. Kama unasema hapana, tunaenda nyumbani, na hakuna mutu atakutukana mbele yangu."

Colette hakuinuka. Alisema akiwa amekaa, na waliokuwa nyuma walilazimika kuulizana amesema nini.

"Muniachie nivune maharagi kwanza."

Mwanamke mmoja, mwenye bidoni karibu na mguu wake, alianza kulia, na Colette akamwambia aache, maharagwe yenyewe si mengi.

Salongo ya kufunga mfereji ilifanyika baada ya mavuno. Watu wote walifika na magunia ya udongo na miti. Walifika hata wale waliourushia mnara maneno. Wa mwisho kufika alikuwa Donatien, bila motopompe, na koleo la zamani lenye mpini uliong'aa. Wengine walidhani anakuja kupigana. Alitelemka ndani ya mfereji, akaangalia jinsi walivyoanza kupanga magunia, akatikisa kichwa.

"Mutoke humo. Nani alibaonyesha kupanga hivi? Maji itapita chini ya kwanza. Hii mufereji niliichimba na ndugu yangu. Kama inafungwa, nitaifunga mimi, vizuri."

Aliufunga vizuri. Colette alikuwa anamkabidhi magunia moja moja kutoka juu. Kazi ilipokwisha alimpa mkono, akamvuta atoke matopeni, naye akakubali kuvutwa.

Sasa imepita miaka michache. Chemchemi ya kapela haijakatika tena, hata kiangazi. Mashamba ya juu na ya katikati ya bonde yana ubichi ambao watu walikuwa wameanza kuusahau, na mboga zake zinafika mpaka masoko ya Bukavu. Wengi wetu tumezila bila kujua tunakula kwa mkono wa nani. Kamati ilikubaliana kwamba kila mwenye shamba atampa Colette sehemu ya kwanza ya mavuno. Wengine wanatimiza. Wengine wamekwisha kuanza kusahau, na nawataja hapa bila majina, kama yeye alivyofanya kwa pompe, ili wapate nafasi ya kukumbuka. Joviale alimaliza humanités yake, ingawa alichelewa mwaka, kwa msaada wa watu wa shirika letu la Bagira, ile jumuiya ndogo ya parokia.

Mnara bado umesimama. Maji yanaizunguka miguu yake ya saruji, mafunjo yamekua mpaka karibu na ile mikono mitatu, na ndege wadogo wekundu wameweka kiota juu ya sanduku la betri. Guy hufika kwa ubao uliolazwa juu ya maji. Colette akipita kwenda kwenye mihogo yake ya mteremkoni husimama pale kidogo. Nilimwuliza siku moja kama bado anatamani kufagia.

"Kila siku," alisema. "Angalia ile uchafu."

Namshukuru Mungu kwa ajili yake, na ningependa watoto wetu wamjue. Ila nisiseme nusu. Colette hakupata shamba lingine. Sasa hununua maharagwe sokoni, mahali alipokuwa akiyauza. Kutofagia kulimgharimu shamba lote la chini, lile zuri, na halitarudi.